Itaelea au Itazama? Hotuba kwa watu wa bandari, maghala na viwanda, Tanga

Mheshimiwa mgeni rasmi, ndugu zetu wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, viongozi wa vyama vya wafanyakazi, madereva na utingo, watunza stoo, walimu na wanafunzi wa ufundi, mabibi na mabwana. Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Poleni na jua.

Waandaaji waliniomba nizungumzie usalama wa kemikali kwa jumla. Nikawaomba waniruhusu nizungumzie namba moja tu. Nimekaa maabara muda wa kutosha kuona kwamba namba hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na kwamba watu wanaumia kwa sababu hiyo. Namba yenyewe ni densiti linganishi ya kimiminika.

Chukua lita moja ya kimiminika uipime. Pima na lita moja ya maji. Gawanya uzito wa kwanza kwa uzito wa pili, basi umeshaipata. Maji ni 1. Petroli iko kati ya 0.72 na 0.78. Dizeli ni 0.82 hadi 0.85 hivi. Asidi ya haidrokloriki ya asilimia 37 ni kama 1.18. Kostiki soda ya asilimia 50, ile inayotumika kwenye sabuni na kuoshea mabomba ya viwanda vya maziwa, ni 1.52. Asidi ya salfuriki kali inafika 1.84. Hamtaona kilo wala lita mwishoni mwa namba hizi, kwa kuwa ni uzito uliogawanywa kwa uzito.

Hata hivyo, hili si jambo geni hapa mjini. Ukipita Ngamiani utamkuta fundi betri amebinya mpira wa haidromita, anavuta maji ya betri, anatazama kiboya kimesimama wapi. Akisoma 1.28 anakuambia betri imejaa; akisoma 1.15 anaipeleka kwenye chaji. Na nyie mabaharia mnajua kwamba jahazi likitoka baharini na kuingia Mto Pangani linazama kidogo zaidi bila kuongezwa hata gunia moja, maana maji ya bahari ni kama 1.025 na ya mto ni mepesi zaidi. Haidromita inafanya kazi kwa kanuni hiyohiyo: kimiminika kikiwa chepesi kiboya kinazama zaidi, kikiwa kizito kiboya kinapanda.

Wanafunzi, msidhani elimu hii imeanzia kwenye vitabu vya Ulaya. Al-Biruni, mwanazuoni aliyezaliwa Khwarazm mwaka 973, alikuwa na chombo chenye mrija ubavuni. Akitumbukiza jiwe la thamani au madini, maji yaliyotoka kwenye mrija aliyakusanya na kuyapima kwa mizani, akapata jiwe lina uzito mara ngapi ya maji ya ujazo wake. Chupa nitakayoieleza baadaye inasimama kwenye msingi huo.

Sasa niende kwenye kilichonileta.

Kila kemikali ya hatari inayopokelewa kwa utaratibu inakuja na karatasi ya taarifa za usalama. Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha kemikali, karatasi hiyo ina sehemu 16, na densiti iko sehemu ya 9. Tuna Sheria Na. 3 ya mwaka 2003 ya kemikali za viwandani na majumbani, inayosimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali, na tuna Sheria Na. 5 ya mwaka huohuo ya usalama na afya mahali pa kazi, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini. Kwa hiyo hatuna upungufu wa sheria. Linaloniuma ni kukuta karatasi imefungiwa kabatini ofisini, na kijana anayebeba dumu begani hajawahi kuiona. Wenye maghala mliopo hapa, nawaomba kwa heshima zote: toeni nakala, bandikeni ukutani penye mzigo.

Moto ukizuka, swali la kwanza ni je, maji yatazima au yatasambaza? Petroli ni nyepesi kuliko maji na haichanganyiki nayo. Ukimwaga maji, yanashuka chini, petroli inapanda juu ikiwa inawaka, inatembea na maji hadi mtaroni na kwa jirani. Ndiyo maana Zimamoto wanakuja na povu. Ipo kemikali iliyo kinyume chake, kaboni disalfaidi, yenye 1.26. Inashika moto upesi mno, lakini kwa kuwa inakaa chini ya maji, wanaoihifadhi huifunika kwa tabaka la maji. Zote mbili zinawaka, ila densiti zao zinataka hatua tofauti kabisa.

Hapa niwatahadharishe. Sehemu hiyohiyo ya 9 ina namba nyingine inayofanana jina, densiti linganishi ya mvuke. Ile inalinganishwa na hewa, si maji. Petroli ikiwa kimiminika ni nyepesi kuliko maji, lakini mvuke wake ni mzito mara tatu hadi nne kuliko hewa. Mvuke huo haupandi dirishani. Unatambaa sakafuni, unaingia shimoni, unalifuata jiko la mama lishe lililo upande wa pili wa ukuta. Mtu akisoma 0.74 akadhani maana yake "mvuke utapaa wenyewe", amesoma mstari usio wake. Amonia ndiyo ambayo mvuke wake ni mwepesi kuliko hewa, kama 0.6.

Twende baharini, maana sisi ni watu wa bandari. Kimiminika kikimwagika gatini tunataka kujua kitaelea, kitazama au kitayeyuka. Kikielea, uzio wa maboya unaweza kukizuia kisisambae. Kikizama, uzio ule unazunguka maji matupu, huku kemikali inatembea chini kwenye tope. Na densiti peke yake haitoshi kuamua. Asetoni ni 0.79, lakini haiketi juu. Inachanganyika na maji yote. Lazima usome na mstari wa umumunyifu, yaani kama kinayeyuka kwenye maji.

Jingine, linganisha na maji yaliyopo mahali pale. Mafuta mazito ya meli yanaweza kuwa na 0.96, na mengine yanafika 1.01. Yale ya 1.01 yakimwagika kwenye Mto Zigi, juu ya bwawa la Mabayani ambako Jiji la Tanga linachukua maji yake ya kunywa, yatazama. Yakimwagika kwenye ghuba yetu yataelea, kwa sababu bahari ni 1.025. Mafuta ni yaleyale na namba ni ileile, lakini atakayekwenda kuyadhibiti anahitaji vifaa tofauti. Mbele ya pwani yetu tuna Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyotangazwa mwaka 2009 kwa ajili ya samaki anayekaa kwenye vilindi. Karibu na ufuko wapo kina mama wa mwani. Kinachoelea kinawafikia kina mama kwanza. Kinachozama kinaelekea chini, kwenye makazi ya viumbe vya vilindini. Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia hapa Chongoleani, kwa hiyo maswali haya yatakuwa yetu miaka mingi ijayo. Tanga tunasema waja leo waondoka leo. Mzigo ndivyo ulivyo. Kilichozama kwenye tope la ghuba hakiondoki leo.

Nirudi nchi kavu, kwenye uzito. Tangi la plastiki la lita 1,000 lenye kizimba cha chuma likijazwa maji ni tani moja na kidogo. Likijazwa kostiki ya asilimia 50 ni zaidi ya tani moja na nusu. Likijazwa asidi ya salfuriki kali ni tani 1.84 kabla hujahesabu tangi lenyewe. Fokolifti iliyoandikwa tani 1.5 ambayo jana ilinyanyua tangi la maji bila shida, leo inanyanyuka magurudumu ya nyuma mbele ya macho yako. Matangi yanafanana, na dereva hana kosa kama hakuna aliyemwambia namba.

Hali ni hiyo kwa matangi yaliyosimama. Mtu ananunua tangi la plastiki la maji, anaweka kostiki ndani. Shinikizo chini ya tangi linapanda kwa zaidi ya nusu kwa kina kilekile. Ukuta uliokadiriwa kwa maji unaanza kuvimba, na wa kwanza kuvuja ni mpira wa bomba la kutolea. Nawasihi, kabla hujajaza, uliza tangi limetengenezwa kwa kimiminika cha densiti gani.

Na madumu je? Fanyeni jambo hili leo mkirudi kazini. Chukua dumu la plastiki la kemikali, lile la bluu au jeupe, uligeuze. Utakuta alama iliyochorwa kwenye plastiki yenyewe: duara lenye herufi u na n, kisha mstari unaoanza kwa mfano 3H1/Y1.9/150. Ile 3H1 inasema ni dumu la plastiki lenye mdomo mdogo usiofunguka wote. Y inasema linafaa kwa kemikali za hatari ya kati na ya chini. Na ile 1.9 ndiyo namba yetu: densiti kubwa kabisa ambayo dumu hilo limejaribiwa nayo. 150 ni shinikizo lililotumika kulijaribu, kwa kilopaskali. Kama baada ya herufi hakuna namba ya densiti, basi dumu limejaribiwa kwa vimiminika visivyozidi 1.2. Sasa fikirieni mtu anayenunua dumu lililokwishatumika, la 1.2, anamiminia asidi ya 1.84, kisha anapanga madumu matatu kwenda juu. Onyo lilikuwa limeandikwa kwenye dumu lenyewe, hakuna aliyelisoma.

Kuna na suala la kujaza. Kimiminika kikipata joto kinapanuka na densiti yake inashuka. Petroli inapanuka takribani sehemu moja kwa elfu kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Lori la lita 36,000 likipakiwa alfajiri mafuta yakiwa nyuzi 24, mchana yakifika nyuzi 34, yameongezeka kama lita 360. Asetoni inapanuka zaidi, kama 0.0015 kwa nyuzi. Pipa la lita 200 lililojazwa pomoni kwenye nyuzi 25 na kuachwa juani hadi 55 litadai nafasi ya lita 9 ambazo hazipo. Kanuni za kimataifa za usafirishaji zinasema chombo kisiwe kimejaa kabisa kikifika nyuzi 55, na nafasi ya kuacha inakokotolewa kwa densiti mbili, ya nyuzi 15 na ya nyuzi 50. Unatoa ya pili kwenye ya kwanza, kisha unagawanya jibu kwa 35 iliyozidishwa kwa hiyo densiti ya pili. Unapata kiasi cha kupanuka kwa nyuzi moja. Ni hesabu ya kidato cha pili, na inazuia pipa kupasuka.

Kwa hiyo tunaipimaje? Kabla ya yote: glovu, miwani ya kinga inayofunika pembeni, koti, na penye hewa inayopita. Kimiminika kinachotoa mvuke mkali hupimiwa chini ya kofia ya kuvuta hewa, si mezani.

Njia ya haraka ni haidromita. Mimina sampuli taratibu kwenye silinda ndefu, ikitelezea ukutani isifanye mapovu. Weka kipimajoto. Shusha haidromita kwa vidole viwili, uizungushe kidogo ndipo uiachie, isigande ukutani. Subiri itulie. Shusha jicho liwe sambamba na uso wa kimiminika, usome pale uso unapokata shina, si pale kimiminika kinapopanda kulishika shina. Kama ni mafuta meusi usiyoweza kuona ndani yake, soma kwa juu kisha urekebishe kulingana na maelekezo ya haidromita yako. Halafu andika vitu viwili pamoja, densiti na jotoridi. Namba isiyo na jotoridi pembeni mimi siipokei maabara kwangu, na nawashauri nanyi msiipokee.

Njia yenye usahihi zaidi ni chupa ya densiti, piknomita. Ni kichupa cha kioo chenye kizibo kilichotobolewa kitundu chembamba katikati. Unakipima kikiwa tupu na kikavu, unakipima kikiwa na maji yaliyotoneshwa, unakipima kikiwa na kimiminika chako, vyote kwenye jotoridi moja, hapa nyuzi 20. Tuseme kitupu ni gramu 31.20, na maji 81.05, na asidi ya haidrokloriki 90.02. Uzito wa maji ni 49.85, wa asidi 58.82. Gawanya: 1.180. Hiyo ni kulinganisha na maji ya nyuzi 20. Karatasi nyingi zinalinganisha na maji ya nyuzi 4, ambapo maji ni mazito kuliko jotoridi lingine lolote, kwa hiyo unazidisha kwa 0.9982, densiti ya maji ya nyuzi 20, na kupata 1.178. Usipoandika umelinganisha na maji yapi, mwenzako atadhani mmoja wenu kapima vibaya.

Hapa Tanga chupa hii ina adui ambaye maelekezo yaliyoandikiwa nchi za baridi hayamtaji sana: unyevu. Karatasi inasema pima kwenye nyuzi 20. Unapoza chupa hadi 20, unaitoa kwenye beseni la maji, unaipeleka kwenye mizani. Siku za masika hewa yetu imebeba mvuke mwingi kiasi kwamba kioo cha nyuzi 20 kinatoka jasho papo hapo. Namba kwenye mizani inapanda huku unaitazama, na hujaongeza kitu. Ukipangusa, inatoka tena. Wakati huohuo kimiminika kinapata joto, kinapanuka, na tone linachungulia kwenye kitundu cha kizibo. Anayepangusa tone hilo baada ya kutoa chupa kwenye beseni anapoteza sampuli yake. Fanyeni hivi: pangusa juu ya kizibo chupa ikiwa bado ndani ya beseni. Kisha itoe, ikaushe nje kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, uiache kwenye chumba cha mizani hadi ifikie joto la chumba, tone likijitokeza juu ya kizibo liache lipimwe nalo. Kama kimiminika kinaruka upesi kama asetoni, hilo halifai. Pima kwenye nyuzi 30 na uandike 30. Kipimo safi cha nyuzi 30 kina manufaa kuliko kipimo cha nyuzi 20 chenye umande. Tena nyuzi 30 ndiyo hali halisi ya ghala letu.

Angalieni na kiputo cha hewa. Kiputo cha sehemu moja ya kumi ya mililita ndani ya chupa ya mililita 50 kinakosesha kipimo kwa sehemu mbili kwa elfu, na mara nyingi kinajificha chini ya kizibo.

Kuna vifaa vya kidijitali vyenye mrija wa kioo uliopinda kama herufi U, unaotetemeka. Vya kwanza vilitokea Austria mwaka 1967. Vinataka mililita chache tu. Ni vizuri sana kwa mwenye uwezo. Mwongozo Na. 109 wa OECD, shirika la nchi za ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, ambao maabara nyingi duniani zinaufuata, unavitaja pamoja na haidromita na piknomita, kwa hiyo asiye na fedha ya kifaa kipya hana sababu ya kutopima.

Sasa nisiwadanganye kuhusu uwezo wa namba hii. Mafuta ya taa ya 0.80 yakichanganywa na petroli asilimia 5, densiti inashuka hadi kama 0.797. Tofauti hiyo ni sawa na ya nyuzi nne za joto. Haidromita ya kawaida haitakuonyesha kwa uhakika, ilhali asilimia hiyo 5 inatosha kufanya koroboi iwe hatari ya kuua. Hapo inatakiwa kupima jotoridi la kushika moto. Vivyo hivyo asidi ya salfuriki ya asilimia 95 na ya asilimia 100 zinakaribiana mno, zote ni 1.83 hivi. Chini ya asilimia 90 densiti inakueleza ukali wake vizuri. Juu ya hapo haikuelezi.

Na kwa kuwa nimeitaja asidi hiyo: vijana wa betri, mnaambiwa kila siku mimina asidi kwenye maji, usimimine maji kwenye asidi. Sababu mojawapo ni densiti. Maji ya 1 yakiangukia asidi ya 1.84 yanabaki juu. Joto lote linazalishwa pale juu, kwenye tabaka jembamba. Maji yanachemka na kurusha asidi usoni. Ukianza na maji, asidi inashuka ndani, joto linasambaa kwenye maji mengi.

Baada ya chai tutagawanyika kwenye meza nne kule uani. Kila meza ina haidromita, silinda, kipimajoto na sampuli tatu zisizo na majina: moja ni maji ya bahari, moja ni dizeli, na moja ni maji ya chumvi niliyoyakoroga mwenyewe asubuhi. Waliovaa kandambili nawaomba wabaki kivulini watazame. Kila kikundi kianze na maji safi ya kunywa. Leo kuna kama nyuzi 30, kwa hiyo mtarajie kusoma karibu 0.996. Mkisoma mbali na hapo, msiguse sampuli nyingine. Niiteni kwanza tuibadilishe hiyo haidromita.